Ijumaa Shakuru Alipokataa Kupikiwa

Khadidja alipiga simu saa mbili asubuhi, na kabla hajamaliza kusema, Shakuru alikuwa ameshapandwa na hasira.

"Leo tunakuja kisha swala," alisema dada yake. "Mi na mudogo wetu Sijaona, na mugeni mumoja. We usisumbuke kupika. Mugeni atapika mwenyewe, muonje mukono wake."

"Mugeni gani anakuja kupika kwangu?"

"Utamuona."

Simu ikakatwa. Shakuru akaitia mfukoni, akaenda uani alikokuwa amemwacha kuku aliyemchinja alfajiri. Alimlaza juu ya ubao, akashika kisu. Paja lilitoka kiunoni kwa pigo moja. Pigo la pili lilikata ubawa pamoja na kipande cha ubao. Mugeni atapika. Alijua vizuri mgeni wa aina gani huletwa na dada wawili siku ya Ijumaa akiwa na mkono wa kuonjwa.

Shakuru alikuwa fundi wa giaboksi pale mtaa wa Cibitoke, mtu wa miaka hamsini na minne, mfupi, mabega mapana, mdomo usiojua kusubiri. Madereva walimheshimu na kumwogopa kwa kiasi kilekile. Akiletewa gari lililoharibiwa na fundi mwingine, alimtukana huyo fundi kwa jina lake na la karakana yake mpaka majirani wanatoka kutazama. Nyumbani alikuwa mtu mwingine, kwa sababu nyumbani kulikuwa na Houda. Kwa miaka ishirini na tisa Houda alikuwa akimwona anaingia na uso uliokunjamana, anamwambia tu, "Baba Faridi, kula kwanza," na anapomaliza kula, nusu ya hasira imekwisha na nusu nyingine imeona haya.

Mwezi wa pili wa mwaka huo, Houda alikuwa amekaa anachambua mboga za lengalenga, kisu kikamponyoka. Akakiokota, kikamponyoka tena. Alipotaka kumwita mumewe, sauti iliyotoka haikuwa na maneno ndani yake. Daktari alisema kiharusi. Mkono wa kulia ulilala na haukuamka, mguu wa kulia uliamka nusu. Ulimi ulirudi polepole, mpaka akaweza kusema kila kitu, ila kila sentensi ilichukua muda wake, na katikati ya sentensi palikuwa na kimya kirefu cha kutafuta neno. Akili haikuguswa hata kidogo. Hilo ndilo watu walilolisahau upesi, kwa sababu hawakuwa na subira ya kungoja sentensi iishe.

Mwezi wa kwanza wa ugonjwa dada zake Shakuru walileta masufuria: pilau kutoka kwa Khadidja aliyekaa Buyenzi, maharage na ndizi kutoka kwa Sijaona. Mwezi wa pili masufuria yakawa ya Ijumaa tu. Mwezi wa nne yakakoma, yakaanza kuja maneno. Mwanaume hawezi kukaa hivi. Muke wa pili si dhambi. Tunakuonea huruma, nguo zako zinanuka moshi. Mtoto wao wa pekee, Faridi, alikuwa dereva wa lori huko Gitega, naye alipopigiwa simu na shangazi yake alijibu kwamba mambo ya baba yake hayawezi. Shakuru alipoambiwa hayo alikaa wiki nzima hapokei simu ya Faridi.

Kupika alijifundisha kwa kuunguza. Wali ulishika chini, mboga zikachacha, maharage yaliiva siku ambayo hayahitajiki. Tatizo halikuwa mikono, mikono yake iliweza kuunga meno ya giaboksi. Tatizo lilikuwa kwamba sufuria ikianza tu kuchemka, Houda alihitaji kugeuzwa, au kupelekwa msalani, au kurudishwa juu ya mto wa kitanda alipoteleza, na akirudi jikoni anakuta moshi.

Aliyemwokoa ni Pontien, mpangaji wa nyumba ya nyuma, Mkristo mmoja mzee aliyepika miaka ishirini katika hoteli ya kando ya ziwa. Siku moja alisikia Shakuru anailaani sufuria, akachungulia juu ya ukuta.

"Achana na sufuria," alisema. "Sufuria inataka mutu wa kuilinda. Tia kila kitu kwa sinia moja, funga furu, nenda umuangalie mama. Furu haitakuita."

Basi Shakuru akatengeneza furu, yaani oveni ya makaa, ya kwake mwenyewe. Alikata pipa la oili, akalichoma moto mpaka harufu ikaisha, akaunga rafu ya chuma katikati na mlango wenye bawaba za gari. Makaa yalikaa chini, na mengine juu ya bati la kifuniko, ili joto litoke pande zote mbili. Sinia alilikunja kutoka kwenye bati zito, pembe zake zikiwa safi kuliko za dukani. Pontien akamfundisha mpangilio: vitunguu na karoti chini kabisa, maana ndivyo vinavyochelewa. Kuku juu yake, ngozi ikitazama juu, akiwa amelala tangu asubuhi ndani ya ndimu, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili kidogo na mawese. Baada ya nusu saa, unafungua na kuongeza ndizi mizuzu zilizoiva, pilipili hoho nyekundu, na nanasi lililokatwa vipande vinene. Nanasi likishaanza kugeuka rangi ya kahawia pembeni na maji yake yakashuka kwenye vitunguu, chakula kiko tayari.

Karakana ilipojua, walicheka. Dereva mmoja wa teksi akaanza kumwita Mama Shakuru. Siku hiyo giaboksi ya dereva huyo ilikuwa chini, vipande vipande juu ya turubai. Shakuru alinawa mikono, akampa ufunguo wa gari lake, akamwambia alisukume hadi kwa fundi asiyejua kupika. Hakumrudia hata alipoombwa na watu wazima watatu.

Huyo ndiye mtu ambaye Khadidja alikuwa anamletea mgeni.

Houda aliamka, Shakuru akamwosha, akamvika gauni la kahawia lililokuwa karibu, akamkalisha kwenye kiti chake penye mlango wa jikoni. Houda alimtazama anavyokata karoti, vipande vikiruka hadi sakafuni.

"Nani... anakuja?" akauliza.

"Hakuna mutu."

"Kuku muzima... kwa watu wawili?"

"Nimesema hakuna mutu, Mama Faridi. Pumzika."

Shakuru alidhani amemlinda. Alimenya nanasi, akalikata kwa nguvu mpaka maji yakamrukia machoni, akalitukana nanasi pia.

Alipotoka msikitini aliwasha makaa, akaingiza sinia, akafunga furu. Hangepikiwa ndani ya nyumba yake. Watakapofika watakuta chakula kiko mezani, na huyo mgeni na mkono wake watakula cha mwenye nyumba au watarudi na njaa.

Walifika saa nane kasoro dakika chache. Khadidja alitangulia, mwili wake mkubwa ukiwa ndani ya buibui jipya, kisha Sijaona, mdogo wao, macho chini, kisha mwanamke wa miaka kama arobaini aliyebeba kapu la mchele na viungo. Alikuwa mjane kutoka Kanyosha, jina lake Mwavita, mshonaji. Alikuwa na uso mpole na aproni iliyokunjwa vizuri juu ya kapu.

Mwavita alimwendea Houda kwanza, akainama, akasema salamu kwa sauti ile watu wanayoitumia kwa wagonjwa na watoto wachanga, bila kutazamia jibu.

"Wa alaikum salam," Houda akajibu. "Karibu. We ni... mutoto wa nani?"

Mwavita akanyooka kwa ghafla. Alimtazama Khadidja. Khadidja alikuwa anatazama ukuta.

"Wa marehemu Massoudi, mama," Mwavita akasema, sasa kwa sauti yake ya kawaida. "Yule aliyekuwa anauza vitambaa."

"Namukumbuka. Alikuwa... mutu mwema."

Shakuru akaingia na sinia, ameshika pembe zake kwa matambara mawili. Kuku alikuwa amepata rangi ya dhahabu, ngozi ikipasuka kwa mafuta mekundu, mizuzu imelainika pembeni, nanasi linanukia chumba kizima. Akalitua mezani kwa kishindo.

"Nilikwambia usipike," Khadidja akasema.

"Na mi nilisikia."

"Mugeni amebeba vitu vyake."

"Atarudi navyo. Kaeni mule."

Alipakua kwa hasira, kila sahani ikipata kipande na kelele. Ya Houda aliipakua mwisho, nyama ameshaitoa kwenye mifupa, mizuzu ameikata vidogo, akasogeza kiti chake mezani, akaiweka mbele yake. Watu wakasema bismillahi. Kwa muda ikasikika midomo tu. Sijaona alisema nanasi limekubali sana, Khadidja akamkata jicho.

Khadidja hakugusa sahani yake. Aliikunja mikono juu ya meza.

"Shakuru, sikia. Sisi ni damu yako. Huyu Mwavita ni mutu wa heshima, anajua kazi, anajua dini. Hatukuchukulii muke wako. Tunakuongezea musaada. Na Houda mwenyewe amekubali. Nilikuja Jumanne, we ulikuwa garaje. Nikamuuliza, akakubali."

Shakuru aliweka kipande cha kuku chini. Kwa dada zake alikuwa amejiandaa tangu saa mbili asubuhi. Kwa hili hakujiandaa. Akamgeukia mkewe.

"We ulikubali?"

"Mi... nili..."

"Ulikubali! Mi naamka alfajiri, nachinja, naosha, napika, watu wananicheka mujini muzima, kumbe we umekaa hapa unanigawa kwa dada zangu?"

"Baba Fa... ridi, ngo..."

"Usimugombeze mugonjwa," Khadidja akaingilia. "Anachoka akisema. Amekubali, basi."

"Mi naongea na muke wangu, siongei nawe!"

Wakaanza kupigizana kelele, kaka na dada, juu ya sinia, kila mmoja akilijibu neno la mwenzake kabla halijatoka. Hakuna aliyemtazama Houda. Alikuwa amefungua mdomo mara mbili na kuufunga mara mbili. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto, ule pekee uliomtii, akachukua kipande cha nyama kwenye sahani yake, akakipeleka mdomoni.

Kwa miezi saba Houda hakuwahi kula mbele ya mgeni. Alilishwa chumbani, mlango umefungwa, kwa kuwa yeye aliyefundisha watoto wa mtaa mzima kula kwa mkono wa kulia hakutaka waone.

Khadidja aliona.

"Astaghfirullah," akasema. "Si ndiyo sababu nasema alishwe kule ndani? Kula kwa shoto mbele ya watu."

Shakuru alisimama hadi kiti kikaanguka nyuma yake. Alichukua sahani ya Khadidja, akaimwaga nyama yote kwenye sinia, akaielekeza sahani tupu mlangoni.

"Toka."

"Unanifukuza? Mi niliyekubeba mugongoni?"

"Toka, Khadidja! Toka kwangu kabla sijasema neno ambalo mama yetu atalisikia kaburini!"

Ndipo meza ilipopigwa. Houda aliipiga kwa kiganja cha kushoto, glasi zikaruka, maji yakamwagika juu ya kapu la Mwavita.

"Nyamazeni!"

Sauti hiyo hakuna aliyekuwa ameisikia tangu kiharusi. Hata Pontien, nje uani kwake, aliacha kufagia.

Houda alitafuna, akameza. Hakuwa na haraka. Wote walisubiri, na kusubiri kwenyewe kuliwaumiza.

"Mungu ndiye... aliyechukua wa kulia," alisema. "Khadidja, kama una malalamiko, mupelekee Yeye."

Khadidja akafungua mdomo kujibu, Houda akamwinulia kiganja.

"Sijamaliza! Jumanne ulinikata. Nilisema, mumuulize Shakuru. Ukaamka, ukachukua mukoba, ukaenda. Nilikuwa nataka kusema... mumuulize Shakuru mbele yangu. Mbele yangu! Nusu ya maneno yangu... ndiyo umeyaita kukubali."

Mwavita alikuwa amesimama na aproni mkononi.

"Dada Khadidja," alisema. "We uliniambia mama huyu hajitambui. Uliniambia hajui mutu, hajui mchana na usiku. Ulinileta nije kupika mbele ya muke wa mutu, ananisikia, ananijua hadi baba yangu? We ulitaka nionekane mutu gani?"

"Nilitaka kukusaidia, we mujane!"

"Mi nashona, nakula. Sikukuomba."

Khadidja aliwatazama wote, mmoja mmoja, akatazamia angalau Sijaona. Sijaona alikuwa anatazama sahani yake, machozi yakidondoka ndani. Basi Khadidja alijifunga buibui, akasema atakayelia asimtafute, akatoka. Lango lilibamizwa. Shakuru alitaka kumfuata ili aongeze aliyoyasahau.

"We kaa," Houda akasema.

Akakaa. Alidhani imekwisha. Alidhani mkewe sasa atamwambia maneno matamu.

"Asubuhi nilikuuliza nani anakuja. Ulisema nini?"

"Mama Faridi, nilikuwa..."

"Ulisema nini?"

"Nilisema hakuna mutu."

"Khadidja alinikata katikati. We hata kuanza... huniachi nianze. Miezi saba hujaniuliza kitu. Gauni hili silipendi, hujaniuliza. Unaniosha kama unasugua injini. Tangawizi unatia nyingi, kila siku nyingi, na mi nakula tu, nanyamaza, kwa sababu jasho linakutoka na... nakuonea huruma. Leo imetosha."

Hasira ya Shakuru ilibaki bila mahali pa kwenda. Ilimjaa kifuani na alijua, kwa mara ya kwanza siku hiyo, kwamba sehemu yake ni ya haki na sehemu ni ya kujihurumia. Alitaka kujibu kwamba ameacha karakana mchana kwa ajili yake, amekunja sinia kwa mikono yake. Yote yalikuwa kweli. Hakuna hata moja lililojibu alichoambiwa.

"Tangawizi kiasi gani?" akauliza, kwa sauti ya ugomvi.

"Nusu."

Mwavita alikuwa ameshajitwisha kapu. Houda akamwambia arudi akae, kutoka Kanyosha ni mbali na hakuna anayetoka kwake na njaa. Mwavita alikataa, akaombwa tena, akakaa ukingoni mwa kiti, akala paja na mizuzu kwa haraka ya mtu anayeona aibu isiyo yake. Alipoondoka alimpa Houda mkono wa kushoto, Houda akaupokea kwa wa kushoto. Hakurudi tena nyumba ile, wala hakukuwa na sababu ya kurudi.

Aliyebaki ni Sijaona. Alikiri kwamba alijua tangu wiki iliyopita na aliogopa kumpinga dada mkubwa. Shakuru alimwambia woga wake hauna faida kwa mtu. Houda akasema unaweza kuwa na faida. Alitaka mwanamke wa kumwosha, mara mbili kwa wiki, mtu wa kumsugua mgongo taratibu na kumsuka nywele. Shakuru akasema kazi hiyo anaiweza. Houda akasema hajamuuliza yeye. Walibishana juu ya hilo hadi alasiri, sentensi moja ya Houda ikichukua muda wa tatu za Shakuru, naye akilazimika kungoja kila moja mpaka mwisho, kidole kikigonga meza.

Sijaona anakuja Jumanne na Jumamosi sasa. Amejifunza kutochungulia jikoni. Sinia bado ni kazi ya Shakuru, ila kiti cha Houda kimesogezwa ndani kabisa, karibu na ubao wa kukatia, na kutoka pale anaamuru. Mizuzu hii mibichi. Geuza hilo. Hoho gani hiyo umenunua, ulikuwa umefumba macho? Shakuru anajibu kwa ukali, mabishano yao yanapita ukuta, na Pontien anasema nyumba ile imekuwa na kelele kuliko jiko la hoteli siku ya harusi. Wageni wakija Houda anakula nao mezani. Anayetazama mkono wake anatazamwa na Shakuru mpaka ashushe macho.

Khadidja hajakanyaga pale tangu siku ile, na Shakuru hajampigia. Akiulizwa msikitini anasema dada yake ana afya njema, basi, na uso wake unafunga mazungumzo. Siku ya Idi, Houda ndiye aliyeomba simu. Alibonyeza namba ya Khadidja kwa kidole gumba cha kushoto, akaweka sauti nje. Ilipopokelewa, Shakuru alisukuma kiti, akatoka, akaenda kukaa kwenye ngazi ya Pontien, mgongo wake ukiielekea nyumba yake. Pontien alimmiminia chai. Hakuinywa. Dirisha lilikuwa wazi, na sauti ya Houda ilisikika ikienda, ikisimama, ikienda tena, na upande wa pili wa simu hakuna aliyemkatiza.